Magoti ya Mama Nje ya Kanisa

Fundi aliyekuja kutengeneza kabati langu la jikoni amekwenda zake, lakini harufu ya vanishi imebaki. Watoto wangu walilalamika kwamba inawaumiza kichwa, wakafungua madirisha yote. Mimi nilipoingia jikoni asubuhi nilisimama tu mlangoni, nikaivuta kama mtu anayenusa chakula cha kwao. Nilikuwa nimerudi Isiolo, ndani ya kanisa letu la mawe, siku ya Jumapili, nguo yangu imenata kwenye benchi.

Kanisa letu lilikuwa limepata mabenchi mapya, na wazee waliagiza yapakwe vanishi mpaka yang'ae. Yaling'aa kweli. Lakini jua la Isiolo si la mchezo. Ikifika saa tano mabati yameshika moto, vanishi inalainika, na waumini wote wananata polepole pale walipokaa. Mchungaji alipotuambia tusimame kuimba, ilisikika sauti moja ndefu ya nguo zikibanduka kwenye mbao, kutoka mbele hadi nyuma. Sisi watoto tuliingojea sauti ile kuliko mahubiri. Nilipokuwa mdogo kabisa nilidhani ni sehemu ya ibada, kama vile kusema Amina.

Baba yangu alikuwa karani katika ofisi ya mifugo, na pia mzee wa kanisa. Sisi ni Wameru, watu wa kule juu kwenye mvua na migomba. Kazi ya Baba ndiyo iliyotuteremsha mpaka kwenye vumbi. Ufunguo wa kanisa ulikaa nyumbani kwetu, kwenye msumari karibu na kalenda. Mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama. Alijua nani atapika chai baada ya ibada, nani atafua mapazia, na nani hajaonekana tangu Pasaka. Biblia yake aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika. Ilishuka kutoka juu ya kabati Jumapili asubuhi, ikapandishwa tena Jumapili mchana.

Hatukuwa watu wabaya. Tulitoa sadaka, hatukulewa, hatukugombana na majirani. Tuliomba kabla ya kula, maneno yale yale, kwa kasi ambayo hata uji haukupata nafasi ya kupoa. Mungu tulikuwa naye kama watu walio na jamaa mwenye cheo kikubwa Nairobi: tulijivunia kuwa wake, na hatukumsumbua.

Ng'ambo ya ua wetu aliishi Mama Zeinabu, Msomali ambaye babu yake aliletwa na jeshi la wakoloni, na alipomaliza uaskari akabaki hapo hapo. Kwake, maombi yalikatiza kila kitu. Angekuwa anapima kitambaa dukani, anakoroga chai au anamkaripia mtoto, adhana ikilia aliacha. Siku moja nilimuuliza Mama kwa nini sisi hatuachi. Aliniambia sisi tuna neema. Nikaelewa kwamba neema ni ruhusa ya kuendelea na kazi.

Kisha ukaja mwaka wa njaa, mwaka wa mahindi ya manjano ya msaada. Walioishi wakati ule hawahitaji nieleze zaidi. Mvua ilikataa, ikakataa tena, na watu wakaanza kuingia mjini kutoka Merti, kutoka Sericho, kutoka mahali ambapo sikujua kuna watu. Walikuja bila mifugo. Hilo ndilo lililonitisha mimi mtoto wa karani wa mifugo: wanaume warefu wenye fimbo za kuchungia, na hakuna chochote mbele yao cha kuchunga. Walikaa kwenye vivuli vya kuta. Ukuta wa kanisa nao ulikuwa na kivuli kizuri, na wazee wakaanza kuhakikisha kwamba mlango unafungwa kwa kufuli kila ibada ilipokwisha.

Siku moja katikati ya wiki, Mama akiwa anachambua maharagwe na mimi nikimsaidia, alikuja mwanamke wa Kiturkana mlangoni kwetu. Alikuwa na mtoto mgongoni, amefungwa kwa kipande cha shuka. Jina lake, tulijua baadaye, lilikuwa Akiru. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini alisema alichotaka.

"Mama, mimi nataka ile nyumba ya Mungu. Iko na kufuli. Watu wamesema funguo iko hapa."

"Unataka nini huko?" Mama akamuuliza.

"Mtoto iko mgonjwa. Nataka aombewe."

"Umempeleka hospitali?"

"Nimepeleka. Wamenipa dawa. Sasa nataka Mungu."

Mama alimtazama mtoto. Nilimwona akimgusa paji la uso. Kisha aliingia ndani, akarudi na unga kwenye mfuko na maziwa kwenye chupa, akampa. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Mchungaji hayupo, mama, yuko Meru. Kanisa linafunguliwa Jumapili. Njoo Jumapili asubuhi, tutamwombea pamoja."

"Jumapili," Akiru akasema.

"Ndiyo. Jumapili."

Aliondoka na unga wake. Mama alirudi kwenye maharagwe. Ufunguo ulikuwa ukutani, hatua chache nyuma yake, na hakuna kati yetu aliyeutazama.

Jumapili Akiru alikuja. Aliingia wakati mchungaji yuko katikati ya matangazo, akapita hapo kati, akaja mpaka benchi yetu upande wa wanawake. Ile shuka ilikuwa mabegani mwake, imelegea, haina kitu.

"Nimekuja," akamwambia Mama. "Ulisema Jumapili."

Mama alimtazama mgongoni, kisha chini, kana kwamba mtoto angekuwa anatembea. "Mtoto yuko wapi?"

"Tulimzika Ijumaa."

Hakusema kwa hasira. Alikaa karibu nasi, kwa sababu alikuwa ameambiwa aje, akasikiliza ibada nzima kwa lugha ambayo aliielewa nusu. Tuliposimama kuimba, Mama hakusimama. Nilimvuta mkono, nikidhani vanishi imemkamata.

Siku ile Mama hakula. Baada ya chakula cha mchana alikwenda akasimama mbele ya Baba, aliyekuwa amevua viatu na kushika gazeti.

"Baba Kendi, nataka ule ufunguo."

"Umesahau kitu kanisani?"

"Nataka kufungua kila siku saa sita mchana. Nitakaa humo niombe. Mtu akija akute mtu."

Baba aliweka gazeti chini. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alimweleza kwamba jambo hilo haliwezekani, kwamba wazee walikwisha kulizungumza. Wale watu wa njaa wakiona mlango wazi wataingia walale. Watapika humo. Mabenchi yatakuwa kuni.

"Basi yawe kuni," Mama akasema.

"Mama Kendi."

"Yule mtoto alikuwa na joto, nilimgusa kwa mkono wangu. Nikampa mama yake unga. Alikuja kuomba Mungu nikampa unga, na ufunguo uko nyuma yangu."

"Ungeomba, mtoto angepona?"

"Sijui. Sikuomba."

Baba alichukua ufunguo msumarini, akautia mfukoni mwa koti. Tangu siku ile alikwenda nao kazini.

Kesho yake tulipotoka shule kwenda nyumbani kula, njia yetu ilipita mbele ya kanisa. Niliona mwanamke amepiga magoti kwenye kokoto mbele ya mlango uliofungwa, jua la saa sita likimpiga kisogoni. Nilipotambua kwamba ni Mama, nilisimama pale pale njiani. Shuleni kwetu kulikuwa na sababu moja tu ya mtu kupiga magoti nje kwenye jua: amekosa, na mwalimu amemwambia akae hapo mpaka atakapoambiwa ainuke. Mvulana mmoja wa darasa letu aliona pia.

"Mama yako amechelewa paredi," akasema, na wengine wakacheka.

Sikula siku ile. Nilikwenda mbio mpaka ofisi ya mifugo, nikamkuta Baba mezani kwake, nikamuuliza Mama alikosa nini na ni nani aliyemwadhibu. Nilikuwa na hakika kwamba ni yeye na wale wazee wenzake. Baba aliweka kalamu chini. Aliniambia nirudi shule. Hakusema kwamba si kweli.

Usiku ule nilikaa na jambo hilo moyoni, nikaamua. Mama hakuwa mwizi wala mwongo. Kama wameamua kumweka juani, basi wataniweka na mimi. Sikumbuki kuogopa, nakumbuka hasira iliyonipanda mpaka masikioni. Kesho yake saa sita niliwapita wenzangu, nikaingia uwanja wa kanisa, nikaweka mkoba wangu chini na kupiga magoti kando ya Mama. Kokoto zilikuwa za moto. Wale wavulana walisimama barabarani wakiniita majina. Niliwapa kisogo.

Mama alifungua jicho moja. "Umekuja kufanya nini?"

"Kukusaidia adhabu."

Alicheka, kisha machozi yakamtoka akiwa bado anacheka. Akanivuta kwenye kivuli chake, kwa maana hapakuwa na kivuli kingine.

"Hakuna aliyeniadhibu, Kendi. Nimekuja mwenyewe."

"Hakuna aliyekwambia upige magoti?"

"Hakuna."

"Na ukitaka kuinuka?"

"Nitainuka. Lakini sijataka bado." Akapangusa uso kwa leso. "Mungu nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii na sijamsalimia. Sasa namsalimia."

Sijui kama nimewahi kusikia mahubiri yaliyonigeuza kama maneno yale. Kwamba mtu mzima anaweza kupiga magoti bila kusimamiwa na mwenye kiboko. Kwamba mtu anaweza kumtaka Mungu, kama anavyotaka maji. Nilifumba macho na kujaribu. Nilianza na ile sala yetu ya chakula, kwa kasi yake ile ile, nikaishiwa na maneno kabla Mama hajapumua. Kwa hiyo nikaanza tena, polepole, na mara hii nikasikia nilichokuwa nikisema.

Siku zilizofuata tulikuwa wengi zaidi. Mama Zeinabu alipita akiwa anakwenda dukani, akatutazama, akarudi na mkeka chini ya kwapa. "Magoti yataharibika," akasema. "Wewe bado unahitaji magoti." Mkeka ule hakuja kuudai tena. Akiru alikuja na wanawake wawili wa kwao. Akaja mke wa mwalimu mkuu, akaja mama mmoja muuza nyanya ambaye hakuwahi kuketi mbele ya benchi ya mwisho. Waliomba kila mmoja kwa lugha yake. Akiru aliomba kama mtu anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya mto, kwa sauti ndefu, kisha akanyamaza kungoja jibu. Kulikuwa na siku alilia. Kulikuwa na siku alionekana kugombana. Mama hakumwambia kwamba haifai. Aliyekuwa na unga alikuja na unga, aliyekuwa mgonjwa aliombewa siku ile ile aliyokuja.

Wazee walikuja nyumbani Jumamosi moja alasiri. Kiongozi wao alikuwa Mzee Mbaabu, mwenye duka la vyuma, mtu mzito aliyevaa kofia ya manyoya hata wakati wa joto. Mimi ndiye niliyepeleka chai, nikabaki nyuma ya pazia la mlango.

"Mama Kendi," Mzee Mbaabu akaanza, "unalitia kanisa aibu. Watu wa mji mzima wanapita pale. Waislamu wanatutazama tukilala chini nje ya nyumba yetu wenyewe."

"Wanatutazama, ndiyo," Mama akasema. "Wao wanasali mara tano kwa siku na msikiti uko wazi. Sisi tunafungua mara moja kwa wiki, tena tunatazama saa. Aibu hiyo nimeileta mimi?"

"Unasema sisi hatuna imani?"

"Nasema tumeshiba, Mzee. Mimi nimeshiba kuliko ninyi nyote. Tumeshiba mpaka tumelala, na watu wanagonga."

Baba alikuwa ameshika kikombe chake na hakunywa. Mzee Mbaabu akamgeukia. "Mzee mwenzetu, mke wako umemsikia."

"Nimemsikia," Baba akasema.

Wakaamua hapo hapo, sebuleni kwetu, wakinywa chai yetu: Mama atolewe uenyekiti, na asishiriki Meza ya Bwana mpaka atubu na aache kupiga magoti nje. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama kuna anayetaka kuongezewa chai.

Mchungaji alikuja kutoka Meru Jumapili ya ushirika. Sijui aliambiwa nini na wazee. Alikuwa kijana na alionekana mtu anayetaka siku ile iishe. Mama alivaa gauni lake la buluu, akaketi mahali pake pa kila siku, mimi upande mmoja na Akiru upande mwingine. Wazee walipewa sahani za mkate, na ikawa zamu ya Baba kuhudumia upande wa wanawake. Alipita benchi ya kwanza, ya pili, akifika kila mtu anainama kidogo, anamega, anashukuru. Nilisikia viatu vyake. Akafika kwetu.

Mama alitazama mbele. Hakunyoosha mkono, hakuinamisha kichwa. Mzee Mbaabu, kutoka viti vya mbele, akasema kwa sauti ya chini ambayo kanisa lote lilisikia, "Mpite."

Baba alisimama. Mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Niliona jasho likimtiririka kutoka sikioni mpaka kwenye kola aliyopigiwa pasi na mwanamke huyo huyo aliyeambiwa ampite.

"Siwezi kupita hapa kana kwamba hakuna mtu," akasema.

Akageuka, akarudisha sahani mezani mbele ya mchungaji, akaiweka taratibu bila kelele. Tulidhani atarudi kwenye kiti chake cha wazee. Alikuja upande wa wanawake. Kanisani kwetu hakuna mwanamume aliyewahi kuketi upande ule. Alisimama mwisho wa benchi yetu, na wanawake, mmoja baada ya mwingine, wakasogea. Akaketi kando ya Mama, akaweka mikono yake magotini. Hakula mkate siku ile, wala Mama, wala mama muuza nyanya, ambaye sahani ilipompitia aliisukuma kwa kidole ikaenda kwa mwingine.

Walimnyang'anya uzee wiki ile ile. Ufunguo ukaenda kwa Mzee Mbaabu. Kuna watu waliacha kutusalimia, na Baba, aliyependa kusalimiwa, aliumia; hilo sitalificha. Mlango wa kanisa haukufunguliwa mchana mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Ulifunguliwa baadaye sana, chini ya wazee wengine, na leo kuna watu wanaodhani ulikuwa wazi tangu zamani. Mimi siwaachi wadhani hivyo. Kila ninapowakuta nawaambia kwamba ulifunguliwa na magoti ya watu, na nawaambia ni ya nani.

Baba alikuja kuomba nasi kwa mara ya kwanza siku chache baada ya kuvuliwa uzee, saa ya chakula, na suruali yake ya ofisini. Alisimama pembeni akiwa hajui aweke wapi mikono. Huyu ni mtu aliyekuwa akiomba kwa niaba ya kanisa zima, maombi marefu yenye maneno makubwa ya kuomba mvua na serikali njema. Alipiga magoti kwenye mkeka, akafunga macho, na kwa muda mrefu hakutoa neno. Akiru alikuwa amemaliza yake na akamtazama. Hatimaye Baba akasema, "Bwana, tuko hapa." Akiru akaitikia, "Eee," kama mtu anayethibitisha ushahidi.

Hapo ndipo Mzee Mbaabu alipoingia uwanjani, kofia kichwani na ufunguo mkononi. Alikuwa amekuja kukagua mabenchi yake. Sisi tulikuwa tumejaa mbele ya mlango, kutoka ukuta hadi ukuta, na hapakuwa na mahali pa mguu.

"Nipisheni nifungue," akasema.

Hakuna aliyeinuka. Nilimtazama Mama, nikaona amefumba macho na uso wake umetulia.

"Tunaomba, Mzee," akasema. "Ngoja tumalize."

"Mtamaliza saa ngapi?"

"Hatujui."

Baba hakugeuka. Alirekebisha magoti yake kwenye mkeka, kama mtu anayejiandaa kwa safari ndefu, akaendelea kuomba, na mara hii maneno yalimjia. Alimtaja mtoto wa Akiru. Aliwataja watu waliolala kando ya ukuta, ukoo kwa ukoo, na mahali walikotoka. Nami nikafumba macho, nikaomba pamoja naye, wala sikuwa na haraka. Nilipochungulia, Mzee Mbaabu alikuwa bado amesimama nyuma yetu katika jua la saa sita. Jasho lilikuwa limemlowanisha shingo. Alitazama ufunguo, akatazama migongo yetu, na kisha, akiwa hana la kufanya, akavua kofia.